Kodi ya nyumba isile sahani ya mama

Kijana anapotangaza kuwa amepata nyumba ya kukodi, swali la kwanza analoulizwa na wazee, jamaa na marafiki huwa moja: kodi kiasi gani? Akishajibu, mazungumzo hugeukia kitanda, mapazia, rangi ya ukumbi na siku ya kuhamia. Ni nadra mtu kuuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, mita ya umeme inatumiwa na watu wangapi, jiko litakaa wapi, au mke akishika mimba atapanda daladala ngapi kufika kliniki.

Maswali hayo ndiyo yanayoamua kama nyumba changa itaumaliza mwezi. Kodi hujulikana mapema. Kinachowakamata wanandoa wengi ni vile vidogo vya kila siku, ambavyo kimoja kimoja havitishi lakini vikikusanyika vinashinda kodi. Na pesa inapopungua, mwenye nyumba hapunguzi chochote, wala kondakta wa daladala hapunguzi. Kinachopunguzika ni chakula. Ndani ya chakula, kinachoanza kupungua ni kitoweo, na anayekikosa mwanzo kwa kawaida ni mke, kwa sababu ndiye anayepakua na hujipakulia mwisho.

Kwa hiyo bajeti ya nyumba ya kwanza ni suala la afya kama ilivyo suala la fedha, hasa kwa kuwa wanandoa wengi hupata mtoto wa kwanza wakiwa katika nyumba hiyo hiyo.

Funzo la 2008

Unguja ina mfano wake. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima. Unguja hupokea umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na hitilafu ilipotokea katika mfumo huo, kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila huduma, hadi katikati ya Juni. Waliotegemea umeme katika kazi zao walipoteza saa za kazi, na pamoja nazo kipato.

Mtaalamu wa uchumi Alfredo Burlando, wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, alifuatilia kumbukumbu za wodi ya wazazi, na mwaka 2014 akachapisha alichokiona. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza lile walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao, na uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito pungufu uliongezeka. Maelezo yaliyoonekana kuwa na nguvu ni kwamba kipato kilipungua na lishe ya mama ikapungua pamoja nacho.

Mtoto anahesabiwa kuwa na uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500. Watoto wa namna hiyo huwa katika hatari zaidi ya maradhi na ya kufariki katika siku za mwanzo za maisha, na wanaopona wanaweza kuchelewa kukua. Mwezi mmoja tu wa mkono kuwa mtupu ulitosha kuonekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi.

Nyumba iliyokodiwa kwa bei inayozidi uwezo huleta hali kama hiyo, na yenyewe haiishi kwa mwezi mmoja.

Kodi ya mwezi wa saba

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali naye huwa na chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa chumba na ukumbi cha shilingi 120,000 kwa mwezi, miezi sita ni shilingi 720,000. Ukiongeza 120,000 ya dalali, kijana ameshatoa shilingi 840,000 kabla hajanunua hata ndoo.

Pesa hizo mara nyingi huchangwa: akiba yake, upatu, mjomba, kaka aliye Muscat au Dubai. Zikishalipwa, nyumba nzima hupumua, na hapo ndipo kosa linapoanza. Wanandoa huishi miezi mitano kama watu wasiolipa kodi. Mshahara wote unaonekana ni wa kula, kuvaa na kuhudhuria harusi za watu. Mwezi wa sita mwenye nyumba anapiga simu, na zile 720,000 zinatakiwa tena. Safari hii hakuna mchango, kwa sababu hakuna harusi.

Dawa yake ni nyepesi kusema na ngumu kufanya. Tangu mwezi wa kwanza, kodi itengwe kama vile inalipwa kila mwezi. Iwekwe mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi: akaunti ya benki, upatu wa watu waaminifu, au laini ya simu ambayo haitumiki kwa matumizi mengine.

Hesabu ya mfano

Chukulia wanandoa ambao kipato chao cha mwezi ni shilingi 500,000. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu. Kila nyumba iweke zake kwa bei za duka na soko inalotumia.

Kodi inayotengwa: 120,000.
Chakula, shilingi 7,000 kwa siku: 210,000.
Gesi au makaa: 30,000.
Umeme: 20,000.
Maji: 15,000.
Nauli ya mtu mmoja, safari mbili za shilingi 500 kwa siku 26: 26,000.
Sabuni na usafi: 15,000.
Simu: 10,000.

Jumla ni 446,000. Zinabaki 54,000. Kati ya hizo, 30,000 zinaweza kuwekwa kwa ajili ya matibabu na mtoto, na 24,000 zikabaki za kuwasaidia wazazi, za misiba na za dharura. Maisha ya namna hii ni ya kubana, lakini mwezi unaisha.

Sasa watu hao hao waone nyumba nzuri zaidi, yenye vigae na choo ndani, kwa shilingi 210,000. Tofauti ni 90,000. Zile 54,000 za matibabu, wazazi na dharura zinaondoka zote, na bado zinahitajika 36,000 kila mwezi. Zitatoka wapi? Nauli haikatwi, maji hayakatwi. Zitatoka kwenye zile 7,000 za chakula, ambazo sasa zitakuwa 5,800.

Shilingi 1,200 kwa siku zinaonekana ndogo. Lakini kwa nyumba ya watu wawili hizo ndizo fungu la dagaa, au mayai mawili, au mchicha na nazi ya kuungia. Wali utabaki pale pale, chai na andazi vitabaki, tumbo litajaa. Kitakachopotea ni kile kinachojenga damu ya mama na mwili wa mtoto. Mama mjamzito anahitaji madini ya chuma, folik asidi na protini zaidi kuliko alivyohitaji kabla, na vidonge vya kliniki vinasaidia lakini havichukui nafasi ya chakula.

Hesabu hii ifanywe kabla ya kwenda kuona nyumba. Atakayeanza kwa kupenda vigae, atakuja kuilazimisha hesabu ikubali.

Maji, umeme na jiko

Nyumba mbili zenye kodi sawa zinaweza kutofautiana sana kwa matumizi, na maji ndiyo ya kwanza kuulizwa. Kuna mitaa ambayo maji ya ZAWA hutoka kwa mgao, na mingine ambayo hutoka usiku tu. Mpangaji mtarajiwa awaulize majirani, asimuulize dalali. Viwango vya Sphere, vinavyotumika katika misaada ya dharura duniani, vinataja angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa watu wawili hizo ni lita 30, sawa na dumu moja na nusu la lita 20. Kama maji yote ni ya kununua, ni madumu 45 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300 kwa dumu, ni shilingi 13,500, na hapo mtoto hajazaliwa wala nepi hazijaanza kufuliwa. Katika nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe, kuna pia suala la nani atayapandisha madumu hayo ngazini mke akiwa na mimba ya miezi minane.

Maji yaliyowekwa siku nyingi yanahitaji chombo chenye mfuniko, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kuni, makaa au gesi ya kuchemshia nayo ni gharama na iandikwe. Zanzibar imewahi kukumbwa na kipindupindu mara kadhaa, na kumtibu mgonjwa mmoja wa kuharisha, kwa nauli na siku za kazi zilizopotea, ni ghali kuliko ndoo mbili zenye mifuniko.

Kwa umeme, swali ni mita ya TUKUZA. Je, ni ya mpangaji peke yake au inatumiwa na vyumba vinne? Mita ya pamoja huzaa ugomvi, kwa sababu mwenye taa mbili hulipa sawa na mwenye friji na pasi. Kama hakuna budi, wapangaji wakubaliane mapema kwa kuhesabu vyombo, na makubaliano yaandikwe. Mpangaji mpya aulize pia kama kuna deni la umeme au maji lililoachwa na aliyehama.

Upande wa jiko, makaa yananunuliwa kwa kopo kwa sababu pesa ya polo zima haipo, lakini ukijumlisha makopo ya mwezi mara nyingi yanapita bei ya polo. Gesi inataka pesa nyingi siku ya kwanza kwa mtungi na jiko, kisha inakuwa ya kujaza tu. Kwa afya, gesi ina faida ya wazi: moshi wa makaa na kuni huchangia homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Hatari kubwa zaidi ni kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango wakati wa mvua. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu na inaweza kuua watu waliolala. Nyumba isiyo na jiko wala uwazi wa kupikia haifai hata kodi yake ikiwa rahisi.

Mjini au shamba?

Nyumba za Fuoni, Tomondo, Bububu au Mwera zinaweza kuwa na nafasi zaidi kwa pesa ile ile kuliko za katikati ya mji. Wengi wamehamia huko kwa sababu hiyo. Lakini unafuu wa kodi uwekwe pamoja na nauli. Kama kila mmoja anakwenda kazini mjini kwa daladala mbili badala ya moja, kwa nauli ya mfano ya shilingi 500, mke na mume wanatumia shilingi 104,000 kwa mwezi. Wakikaa pa daladala moja ni 52,000. Kwa hiyo nyumba iliyo rahisi kwa 40,000 lakini inayotaka daladala mbili kwa kila mmoja imewapa hasara ya 12,000, na saa kadhaa za kusimama vituoni.

Mama mjamzito ana safari zake zaidi. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara nane. Baada ya kujifungua kuna chanjo na kupima uzito. Hata mahali ambapo huduma ni bure, nauli haiwi bure, na usafiri wa usiku wa manane siku ya uchungu huwa wa kukodi. Kituo cha afya kilicho karibu kiandikwe miongoni mwa sifa za nyumba, pamoja na soko na skuli.

Mji Mkongwe nao una hesabu yake. Ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na utalii umefanya nyumba nyingi zitafutwe kwa ajili ya wageni. Zilizobaki kwa wapangaji wa kawaida zinaweza kuwa karibu na kazi, soko la Darajani na Hospitali ya Mnazi Mmoja, na hilo linaokoa nauli. Lakini ni nyumba za mawe, chokaa na boriti, ambazo zikikosa matengenezo hunyonya maji ya mvua. Chumba chenye ukuta unaotoa unyevu na kuvu hakimfai mtoto wala mtu mwenye pumu. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Mpangaji atazame dari, boriti na nyufa, na kama inawezekana aitazame nyumba siku ya mvua.

Miezi haifanani

Mshahara wa hoteli wa Agosti unaweza usiwe wa Mei. Wakati wa masika wageni hupungua, baadhi ya hoteli za pwani hufunga au hupunguza wafanyakazi, na wauza vinyago na madereva wa watalii hukaa bila kazi. Fundi wa ujenzi naye husimama mvua zikizidi. Upepo mkali wa kusi ukivuma, vyombo vidogo vya uvuvi havitoki kila siku na bei ya samaki hupanda.

Anayeishi kwa kipato cha msimu asipange nyumba kwa kuangalia mwezi wake mzuri. Achukue mapato ya miezi 12, ayagawe kwa 12, kisha aone kodi anayoiweza. Mwezi wa Ramadhani na sikukuu vina matumizi yake yanayojulikana: futari, tende, nguo za Idi, zaka. Tarehe zake zinafahamika mapema, na elfu kumi kumi zilizowekwa tangu miezi mitatu nyuma zinamtosha mtu kutokopa dukani. Deni la duka la mtaa ni rafiki kwa wiki moja. Likivuka mwezi, mshahara unakuwa wa mwenye duka.

Wazazi wasaidie nini

Wazazi wengi hujitolea sana siku ya harusi, na hilo ni jambo la heri. Lakini kabati kubwa lisilopita kwenye ngazi, na seti ya vyombo vya kioo inayokaa kabatini hadi mtoto aje kuivunja, havimsaidii mtu mwezi wa tatu. Mzazi anayetaka kuacha alama anaweza kununua tangi au pipa la maji lenye mfuniko, mtungi wa gesi na jiko lake, chandarua chenye dawa, au magunia mawili ya mchele na maharage. Wajomba na mashangazi wanaweza kuchanga kodi ya mwezi wa saba badala ya viti vya ukumbini.

Msaada mwingine hauna bei. Mama au shangazi anayejua kupika kisamvu kwa karanga, choroko kwa nazi na dagaa kwa ndimu amfundishe binti, na amfundishe kijana pia. Hivyo ni vyakula vya bei ya chini vyenye nguvu nyingi, na binti ahimizwe kula sehemu yake mapema, bila kungoja kilichobaki sufuriani.

Kabla ya kuchukua funguo

Mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni jamaa. Utaje kodi, muda, nani anatengeneza paa na bomba, nani analipa maji, na taarifa ya kuhama ni ya muda gani. Mpangaji mpya ajitambulishe kwa sheha. Risiti za kodi zihifadhiwe, japo kwa kupigwa picha kwenye simu.

La mwisho ni la ndani ya nyumba. Katika ndoa za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi Unguja, chakula, mavazi na makaazi ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni ya mke. Mume asione aibu kutaja kipato chake halisi kabla ya kuchagua nyumba, na mke asione tabu kusema kama atachangia na kwa kitu gani. Mke aliyedhani mume anapata 800,000, na mume aliyeficha kuwa anapata 500,000, wote wawili watachagua nyumba ya 210,000.

Mshahara ukiingia, mgao uanze na chakula na matibabu, ifuate kodi ya kutengwa, kisha maji, umeme na nauli. Vingine vigawane kilichobaki. Na kama baada ya chakula kutengwa kodi ya nyumba inayotamaniwa haitoshi, basi nyumba hiyo si ya mwaka huu. Chumba na ukumbi bila vigae kinaweza kumlea mtoto vizuri kabisa, mradi mama yake anakula akashiba na hewa inapita dirishani.